Koti la Waziri Mdomoni mwa Shimo

Zamani hizi hizi, wala si za kale, palikuwa na nchi ambayo sitaitaja jina, maana wenyewe ni wepesi wa kukamata na mimi si mwepesi wa kukimbia. Ilikuwa nchi nzuri. Ilikuwa na bendera, wimbo, na Wizara ya Urithi, Miamba na Kumbukumbu Zisizosumbua. Kwa bahati mbaya haikuwa na urithi wenyewe. Nchi jirani ya mashariki ilikuwa na mlima wa moto, ya magharibi ilikuwa na maporomoko ya maji, na kila mara Shirika la Mawe la Dunia lilipowapa majirani ngao ya urithi, Rais wa nchi yetu alirudi nyumbani mikono mitupu na kumfukuza mtu kazi.

Ndipo mshauri mmoja, aliyeona zamu yake inakaribia, akakumbuka mashimo. Wanyama tumewala, alisema, misitu tumeichoma mkaa, ziwa tumeligeuza jalala, lakini mashimo, Mtukufu Rais, mashimo tunayo. Na kweli yalikuwepo. Wageni waliokuja kuchimba dhahabu walikuwa wameondoka na dhahabu na kuwaachia wenyeji matundu, kwa kuwa mgeni mstaarabu habebi vyote. Basi mgodi uliokufa wa Isangilo ukatangazwa kuwa Urithi wa Taifa wa Kijiolojia, ukazungushiwa waya, na wananchi wote wakaagizwa kujivunia mara moja.

Nyanjige hakujivunia. Mumewe, Malongo, alikuwa ndani ya shimo hilo.

Malongo na wenzake wanane walishuka asubuhi moja baada ya wageni kuondoka, kutafuta makombo ya dhahabu, na magogo ya matimba yaliyoshikilia mwamba yakaachia. Kifusi kiliwafunika, lakini hakikuwaua siku hiyo. Walisikika wakigonga. Nyanjige mwenyewe alilala kifudifudi mdomoni mwa shimo, sikio ardhini, akasikia nyundo ya mumewe ikigonga mwamba, taratibu, kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake. Alikimbia mjini kuomba mitambo ya kufukulia. Mkuu wa wilaya alimpokea kwa upole, akampa soda, akamweleza kwamba mitambo yote ya nchi iko kwenye mazoezi ya gwaride la Siku ya Mitambo, na gwaride haliwezi kuvunjwa kwa sababu Rais ameshalipenda. Aliporudi Isangilo, kugonga kulikuwa kumekoma.

Tangu siku hiyo tanga la Malongo halikuanuliwa. Kwa watu wa Isangilo mkeka wa msiba hauondolewi mpaka marehemu azikwe, na asiyezikwa haachi kufa. Anaendelea kufa kila siku nyumbani kwake. Nyanjige hakunyoa, hakupaka mafuta, hakukalia kiti. Alichotaka hakikuwa kikubwa. Alitaka kumtoa mtu wake chini, kumwosha mifupa, kumzika nyuma ya nyumba, na kulala usingizi wa mjane badala ya usingizi wa mke anayesubiri. Yeye na wajane wenzake walikuwa wameanza kufukua kifusi kwa majembe na ndoo, na walikuwa wamefika mbali, pale urithi wa taifa ulipowakuta na kuwanyang'anya majembe.

Alikwenda wizarani. Mkurugenzi wa Urithi, Bwana Hizza, alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza mtoto.

"Mama," alisema, "kwanza nikupe hongera."

"Ya nini?"

"Mumeo amepandishwa. Zamani alikuwa marehemu. Kwa tangazo jipya, kila kilichomo ndani ya mwamba ni sehemu ya mwamba. Mumeo sasa ni tabaka."

"Tabaka gani, mwanangu?"

"La kijiolojia, Mama. Liko kati ya jiwe jeusi na udongo mwekundu. Wataalamu wa Shirika la Mawe watakuja kulipiga picha."

Nyanjige alitaka kulia, hasira ikamwahi. "Mimi sikuolewa na udongo mwekundu," akasema. "Naomba kibali tufukue watu wetu."

"Kufukua urithi ni uharibifu."

"Na kuuacha uoze?"

"Huo ni uhifadhi," alisema Mkurugenzi, akamfungulia mlango mwenyewe kwa heshima kubwa.

*

Siku ya uzinduzi ilipofika, Isangilo ilipakwa chokaa. Mawe yalipakwa chokaa, miti ilipakwa chokaa, na mbuzi mmoja aliyesimama vibaya naye akapakwa. Wataalamu wawili wa Shirika la Mawe la Dunia walikuja na kamera zenye shingo ndefu. Redio ya Taifa ilikuja na habari iliyokwisha kuandikwa, kwani katika nchi ile habari huandikwa kabla ya tukio ili tukio lisije likaipotosha.

Waziri wa Urithi, Mheshimiwa Daktari Fidelis Kasubuga, alishuka garini akiwa amevaa koti zito la sufu lenye beji ya bendera, katika jua la kukaanga dagaa. Alihutubia kwa muda mrefu. Alisema shimo ni fahari. Alisema taifa lisilo na shimo ni taifa lisilo na kina. Alisema mataifa mengine yanajivunia vilivyochomoza, sisi tujivunie vilivyozama. Watu walipiga makofi pale walipoonyeshwa.

"Na kwa mamlaka niliyopewa," akamalizia, "natangaza Sheria ya Ulinzi wa Shimo. Kuanzia sasa, kila kilicho mdomoni mwa shimo hili, iwe jiwe, iwe nguzo, iwe msumari, pamoja na chochote kinachoning'inia msumarini, ni urithi wa taifa. Atakayekigusa, gerezani! Awe mkubwa, awe mdogo! Hata mimi!"

Hapo alishangiliwa sana, kwa kuwa hakuna aliyemwamini.

Sasa, nguzo ile na misumari ile vilikuwa na habari yake. Wachimbaji wa Isangilo walikuwa na mila moja iliyokuwa nzito kuliko sheria zote za wizara. Mtu akishuka shimoni huvua shati na kulitundika kwenye nguzo. Shati likining'inia, maana yake mwenye shati yuko chini: walioko juu hawaondoki, kamba haivutwi, na kama kuna tatizo watu watachimba mpaka wamfikie. Hakuna anayetungua shati la mwenzake. Anatungua mwenyewe akitoka, na ndiyo ishara kwamba ametoka salama. Mashati tisa ya wale wanaume yalikuwa bado yananing'inia pale, yamepauka mpaka hayakuwa na rangi ya kutajika. La Malongo lilikuwa la tatu kutoka juu.

Baada ya hotuba, Waziri alitakiwa kupigwa picha amevaa ovaroli na kofia ngumu, kana kwamba anataka kushuka. Alivua koti. Msaidizi wake alikuwa ameshika mwavuli kwa mkono mmoja na simu tatu kwa mwingine. Waziri alitazama huku na huku, akaona nguzo, akaona msumari mtupu chini ya mashati, akatundika.

Wanawake wa Isangilo wakavuta pumzi kwa pamoja.

"Shoga," Bi Sikudhani, mjane wa nyumba ya pili, alimnong'oneza Nyanjige, "umeona nilichokiona?"

"Nimeona."

"Katundika!"

Nyanjige akasogea mbele, akapiga goti kidogo kwa adabu. "Mheshimiwa, karibu sana. Kamba ile pale. Tutakushusha taratibu."

Waziri akacheka kicheko cha mikutano. "Nishuke wapi, Mama?"

"Chini. Hapa kwetu aliyetundika nguo ameaga. Humo ndani wako wenzio tisa, utatusalimia."

Watu wa Redio ya Taifa walipoona Waziri ameinama kuchungulia, wakasoma habari yao hewani kama ilivyopangwa: kwamba Mheshimiwa Kasubuga, bila kujali usalama wake, ameshuka ndani kabisa ya tumbo la nchi na hivi sasa anakagua. Wakati huo huo kipande cha udongo kikameguka ukingoni, kikaanguka, na popo kundi zima wakatoka shimoni kwa vishindo. Waziri alipiga ukelele ambao haukuwa wa kiwaziri. Alikimbia na ovaroli lake hadi garini, gari likaondoka na mlango wazi, na msafara mzima ukamfuata bila kujua unakwenda wapi, kama ilivyo kawaida ya msafara.

Koti lilibaki.

*

Msaidizi alirudi baadaye kidogo kulichukua. Akawakuta wanawake wa Isangilo wameketi mbele ya nguzo juu ya mikeka, na Nyanjige katikati.

"Nipisheni, nachukua koti la Mheshimiwa."

"Kwani Mheshimiwa ametoka?" aliuliza Nyanjige.

"Ametoka wapi? Yuko nyumbani kwake, anakunywa maji ya sukari!"

"Redio imesema ameshuka. Haijasema amepanda."

Msaidizi akanyoosha mkono kuelekea msumarini. Askari wa lindo, aliyepewa kazi hiyo asubuhi ile na akaipenda, akakohoa. "Afande wangu, kinachoning'inia msumarini ni urithi wa taifa. Ukigusa, nakufunga pingu."

"Lakini ni la Waziri!"

"Alisema hata yeye mwenyewe. Nilikuwepo. Nilipiga makofi."

Mambo yakafika Ikulu. Rais alikuwa ameisikia redio, kisha akaliona koti kwenye televisheni, likining'inia peke yake na beji ya bendera, na machozi yakamlengalenga. "Huyu mtu ametoka?" aliuliza. Baraza zima likatazama viatu. Jibu la kweli lilikuwa kwamba hakuingia, lakini jibu hilo lingemaanisha kwamba Redio ya Taifa imesema uongo, na Redio ya Taifa, kwa mujibu wa Redio ya Taifa, haijawahi kusema uongo. Wakatafakari. Wakaona ni nafuu Waziri awe shimoni.

"Bado yuko chini, Mtukufu," wakasema.

"Basi mtoeni! Leteni mitambo yote!"

Ikatangazwa kwamba Rais amelia na taifa liko katika maombi. Mheshimiwa Kasubuga akapigiwa simu na kuagizwa kukaa uvunguni mwa kitanda chake mpaka atakapookolewa.

*

Mitambo ilikuja. Loo, ilikuja! Ilikuja na matairi marefu kuliko nyumba za Isangilo, imepakwa rangi ya gwaride, mingine bado ina maua ya plastiki kwenye vioo. Ardhi ilitetemeka, vikombe vikaanguka makabatini. Watoto walishangilia. Nyanjige hakushangilia. Alisimama na mikono kichwani, akiitazama mitambo ile ambayo haikuwepo, ambayo haikuwezekana, ambayo ilikuwa mahali fulani ikifundishwa kutembea kwa mistari huku Malongo akigonga mwamba, na moyo ulimuuma kuliko siku ya msiba wenyewe. Kumbe ilikuwepo. Ilikuwa inangoja koti.

"Usilie, shoga," alisema Sikudhani. "Wachimbe kwanza. Utalia wakimaliza."

"Silii. Naitukana."

Aliyeongoza kazi alikuwa mwanajeshi, Kapteni Ngerangera, mtu wa maneno machache. Alikuja hadi kwenye mikeka na kuvua kofia.

"Poleni na msiba, mama zangu. Chini wako wangapi?"

"Kumi," alijibu Nyanjige.

"Nimeagizwa mmoja."

"Hesabu mwenyewe."

Kapteni akahesabu nguo kwa macho, akianzia shati la juu. Alipofika kwenye koti aliitazama beji ya bendera, kisha mikeka, na Nyanjige akaona kwamba mtu huyu amekwisha kuelewa.

"Huyu wa mwisho," Kapteni alisema, "nadhani atakuwa chini kabisa. Chini ya wale wengine wote."

"Bila shaka," alisema Nyanjige. "Mtu mzito huzama."

Kapteni akavaa kofia yake na kuwaamuru askari wachimbe hadi mwisho wa shimo.

Wakachimba. Mwamba ambao wajane walikuwa wakiukwangua kwa majembe, mitambo iliuchota kama uji. Lakini kule wizarani watu walianza kuhesabu hatari. Wakifika chini kabisa wasimkute Waziri, itakuwaje? Mkurugenzi Hizza akapata wazo. Waziri aokolewe mapema. Apakwe tope, aletwe, atungue koti lake mbele ya kamera, kazi isimame, na urithi ubaki ulivyo.

Alasiri hiyo gari lilisimama nyuma ya kichuguu, na Mheshimiwa Kasubuga akatoka amepakwa tope kwa ustadi, hata kwenye nyusi, akipepesuka.

"Nimeokoka!" alipaza sauti. "Zimeni mitambo! Nipeni koti langu!"

Mitambo ikanguruma kwa chini. Askari wakatazamana. Nyanjige alijua koti likitunguliwa tu, Malongo anarudi kuwa tabaka. Akasimama mbele ya nguzo.

"Wewe ni nani, baba?"

"Mimi ni Waziri Kasubuga!"

"Umetokea wapi?"

"Shimoni!"

"Shimo lina mdomo mmoja na sisi tumeukalia. Hakuna aliyepita hapa."

"Nimetokea... nimetokea upande wa pili."

"Upande wa pili wa shimo ni nchi gani?" aliuliza Sikudhani, na mikeka yote ikaangua kicheko.

Waziri akatweta. Akaunyoosha mkono wenye tope kuelekea kwenye koti. Askari wa lindo alikuwa ameshatoa pingu.

"Mimi ndiye mwenye koti!" Waziri alilia. "Sikushuka hata kidogo! Nilikimbia! Niliogopa popo! Nilikuwa nyumbani uvunguni!"

Wataalamu wa Shirika la Mawe, ambao hawakuwa wameondoka na msafara, walikuwa wakipiga picha. Nyanjige akasogea karibu naye, akasema polepole, kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Mwenye koti yuko chini. Redio ya Taifa imesema, Rais amelia, nchi nzima imeomba dua. Wewe nani unayeikana Redio ya Taifa mchana kweupe?"

Askari wa lindo hakuhitaji zaidi. Mheshimiwa Kasubuga alifungwa pingu kwa kosa la kujifanya Mheshimiwa Kasubuga, akapakiwa nyuma ya gari. Mkurugenzi Hizza, aliyekuja naye, alifungua mdomo kumtetea, akakumbuka kwamba kumtetea ni kukiri, akaufunga.

Kapteni Ngerangera akainua mkono. Mitambo ikaendelea.

*

Waliwapata wakiwa pamoja, karibu karibu, migongo imeegemea ukuta mmoja. Askari hawakutumia mashine tena hapo. Walitumia mikono. Nyanjige alishushwa kwa kamba, na hakuhitaji kuonyeshwa. Kiunoni mwa mmoja wao kulikuwa na mkanda wa mpira wa tairi ambao yeye mwenyewe aliukata kwa kisu cha jikoni na kutoboa tundu la ziada, kwa sababu Malongo alikuwa amekonda kiangazi kile. Aliketi chini kando yake. Alimwambia, "Nimechelewa, baba watoto. Nilikuwa naomba ruhusa." Kisha akalia, kwa sauti, bila kujificha, na askari mmoja aliyekuwa ameshika taa akageukia ukutani.

Walipopandisha mifupa ikiwa imefungwa kwenye khanga, Mkurugenzi Hizza alikuwa akingoja juu na masanduku ya kioo.

"Kwa niaba ya taifa," alisema kwa sauti ile ile ya kubembeleza, "tunapokea matabaka. Yatakaa makumbusho, Mama. Yatawekewa taa."

Nyanjige alikishika kifurushi chake kifuani kwa mikono miwili. "Taifa liliolewa naye lini?"

"Samahani?"

"Nauliza. Mimi niliolewa na mtu huyu, watu wakala ndizi na nyama, wakacheza ngoma mpaka jogoo akawika. Taifa silikumbuki katika harusi. Siku alipogonga chini humo, taifa lilikuwa gwaridani. Anayemdai leo aje na cheti cha ndoa."

"Kapteni!" Mkurugenzi aliita. "Zuia hawa wanawake! Wanaiba urithi!"

Kapteni Ngerangera aliwatazama wanawake tisa na vifurushi tisa vya khanga. Akamtazama Mkurugenzi. "Mimi niliagizwa nimtafute Waziri," alisema. "Hao naona hawana koti." Akageuka, akaanza kuwafokea askari wake kuhusu usafi wa makoleo.

Wakapita. Hawakupita wakilia. Sikudhani alianza kigelegele, wengine wakapokea, wakapita katikati ya mitambo na mawe yaliyopakwa chokaa, kila mmoja na mtu wake, mpaka nyumbani. Malongo akazikwa nyuma ya nyumba, tanga likaanuliwa, na Nyanjige akanyolewa, akapakwa mafuta, akakaa kwenye kiti.

Siku chache baadaye alifika Bwana Hizza, na polisi, na amri ya kumfukua marehemu kwa manufaa ya kijiolojia. Wakamkuta Nyanjige ameketi juu ya kaburi, jembe limelazwa mapajani, na nyuma yake wako wajane wote wa Isangilo, kila mmoja na jembe lake.

"Mama," alianza Mkurugenzi, "tumekuja kuchimba."

"Nilikuja kwenu nikiwaomba mchimbe," alisema Nyanjige, "mkasema haiwezekani. Leo nawakataza. Haya, chimbeni tuone."